Muulize Mwalimu: Bibi, sweta na maiti

Toleo lililopita nilisema, kwa kupitia tu, kwamba kati ya riwaya ninazokodisha kwenye fremu yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, zinazorudi zimechakaa kuliko zote ni zile za upelelezi ambazo mpelelezi wake si polisi wala jasusi, bali mtu mzima aliyestaafu, na mara nyingi ni bibi. Barua zikaja. Nyingine zimeletwa kwa mkono na makondakta wa mabasi, nawashukuru. Nimechagua hizi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni nesi, naishi Kihesa, Iringa. Nikitoka zamu ya usiku, kabla ya kulala nasoma kurasa chache za hizo riwaya za mabibi wapelelezi. Mume wangu ananishangaa. Anasema, usiku kucha umeshinda na wagonjwa, wengine wamekufia mikononi mwako, halafu unarudi nyumbani kusoma habari za maiti ndipo usingizi uje? Sina la kumjibu. Je, niko sawa? – Nesi wa Kihesa

Marahaba, mwanangu. Uko sawa kabisa. Mpe mumeo kitabu kimoja asome mwenyewe, maana anayeuliza hivyo hajawahi kufika hata sura ya tatu.

Maiti ya kwenye riwaya hizi si maiti ya wodini. Chukua The Murder at the Vicarage ya Agatha Christie, mwandishi wa Uingereza, ya mwaka 1930, riwaya ya kwanza yenye Miss Marple, bibi mpelelezi wa kijijini. Inaanzia mezani, watu wanakula nyama ya ng'ombe. Mchungaji wa kijiji, kisu cha kukatia nyama mkononi, anatamka kwamba atakayemuua Kanali Protheroe atakuwa ameifaa dunia. Mchungaji huyo! Hazipiti siku nyingi Kanali anakutwa amekufa, tena ndani ya chumba cha kazi cha mchungaji yuleyule, kwenye meza yake ya kuandikia. Wa kumlilia ni wachache mno. Husomi kurasa tatu za damu, husikii mtu akikata roho. Unachosoma ni kwamba saa ya mezani ya mchungaji huwa imewekwa robo saa mbele, na kwamba mama fulani alipita njia ya bustani bila mkoba.

Hapo ndipo penye jibu la mumeo. Wodini mtu anafariki na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Presha, malaria iliyocheleweshwa, bodaboda na lori pale Ipogolo. Unajaza fomu, ndugu wanalia koridoni, zamu inaisha, kesho unaanza upya. Kwenye riwaya hizi kifo kina mwenyewe. Kilitokea kwa sababu mtu alitaka hela, au alimwonea wivu mtu, au aliogopa siri yake isitoke, na kabla hujafunga kitabu mtu mzima mmoja atakaa kitini akueleze yote, tangu saa ile iliyokuwa mbele hadi mkoba ambao haukuwepo. Wewe wodini nani amewahi kukukalisha akakueleza? Usingizi unakuja kwa sababu ya maelezo, wala si kwa sababu ya maiti.

Na manesi mna haki ya pekee kwenye jambo hili. Christie mwenyewe, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, alihudumu hospitali ya mji wake wa Torquay, kwanza akiuguza majeruhi, baadaye chumba cha dawa. Huko ndiko alikojifunzia sumu. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, mwaka 1920, mtu anauawa kwa strikinini, na kipimo hakikubahatishwa. Ukija karibu zaidi na leo, kuna The Thursday Murder Club ya Richard Osman, iliyotoka mwaka wa korona, 2020. Wastaafu wanne wanaishi kwenye makazi ya wazee huko Kent, Uingereza, na kila Alhamisi wanakutana kupitia kesi za zamani ambazo polisi walizishindwa. Mmoja wao, Joyce, ni nesi mstaafu. Ndiye anayeandika shajara, na kila mtu anamchukulia kuwa mama mpole wa kuoka keki. Msome huyo, utacheka.

Ila nikuonye. Siku hizi kuna vitabu vingi vya aina hii ambavyo jalada lina paka, dirisha na birika la chai, na ndani hamna cha zaidi ya hivyo. Keki nyingi, akili kidogo. Muuaji anajulikana kwa sababu amekasirika akasema mwenyewe. Hivyo sivikodishi, navifungia karanga.

Habari Mwalimu. Mimi nilianza na Willy Gamba, nikaja Joram Kiango. Mpelelezi ana bastola, ana gari, anapigwa, anapiga. Sasa bibi wa miaka sabini anayefuma sweta atamkamata nani? Na kwa huku kwetu, polisi gani atakaa kumsikiliza bibi? – Mzee wa Ushirika, Tukuyu

Ndaga, mzee mwenzangu. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni vijana wa kazi, na hapa kwenye fremu hawalali siku mbili. Lakini kazi yao ni nyingine. Wao adui wanamjua mapema, na tunachongoja ni kama watamfikia wakiwa hai. Kwa Miss Marple hakuna anayejua adui ni nani, na huenda ndiye huyo anayekumiminia chai. Bastola haisaidii hapo.

Kinachomsaidia bibi yule wewe wa Tukuyu utakitambua mara moja. Hana maabara. Amekaa kijijini kwake, St Mary Mead, maisha yake yote, na kila mgeni anayemwona anamlinganisha na mtu aliyewahi kumjua hapo kijijini. Katika The Body in the Library, ya 1942, msichana asiyejulikana anakutwa amekufa asubuhi kwenye maktaba ya nyumba ya wakubwa. Bibi anakumbuka nini? Mtoto mmoja, Tommy Bond, na mwalimu mgeni wa shule: mwalimu alikwenda kuitia saa ufunguo, chura akamrukia. Wanaomsikiliza wanaona bibi kazeeka, akili imehama. Mimi nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, na nilipofika hapo nilijua huyu bibi hapayuki. Mtoto wa kutega chura namjua, na najua akikua anategaje.

Halafu kuna hili la kutoonekana. Christie anasema kazi ya bustani inamficha mtu vizuri, na kwamba tabia ya kutazama ndege kwa darubini haikosi manufaa. Huku kwetu darubini ya nini? Mwangalie bibi anayeuza karanga na mahindi ya kuchemsha stendi. Wanaume wawili watasimama mbele yake wapange kudhulumu kiwanja mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya kawaida, kisha wamwulize karanga bei gani. Angekuwa kijana wa miaka ishirini wangenyamaza alipokaribia.

Kuhusu polisi umegusa penyewe. Christie naye alijua. Inspekta Slack hataki hata kumsikia bibi. Anayemwinua ni Sir Henry Clithering, kamishna mstaafu wa Scotland Yard, polisi wa London, mkubwa mwenye jina, na kupitia kwake maneno ya bibi yanafika panapostahili. Kwetu kazi hiyo ingefanywa na mwenyekiti wa mtaa, au balozi wa nyumba kumi akiwa mtu wa maana.

Sasa niseme kinachonifanya mimi nizipende riwaya hizi. Bibi anayeishi peke yake, anayejua nani alipita usiku na alitoka kwa nani, anayesema "yule kijana ataumiza mtu" na kweli ikawa: Uingereza wamemwandikia riwaya kumi na mbili. Kwetu bibi wa namna hiyo ana bahati akiishia kuitwa mmbea. Nchi hii vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka na miaka jikoni. Ujuzi ni uleule, wa kuona na kukumbuka. Tofauti ni kwamba kwenye riwaya, mwishoni, mtu anamgeukia bibi na kumwuliza, "Umejuaje?" Naye anapewa kiti, anajibu hatua kwa hatua: niliona hiki, nikasikia kile, nikakumbuka mtu fulani. Mimi husoma kurasa mia mbili nikingoja swali hilo moja liulizwe.

Na usiseme ni mambo ya Wazungu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 na kuchapishwa 1960, anaweka maiti hapohapo penye mzimu. Ukitaka kuwasukumia mizimu lawama, njia iko wazi. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hapiti njia hiyo. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anarithi nini. Bwana Msa si kikongwe, lakini ukoo wake na Miss Marple ni mmoja: raia tu, hana cheo, ana macho.

Mwalimu, nina malalamiko. Nilikodi kwako riwaya ya hao mabibi. Nafungua ukurasa wa kwanza, mtu ameandika kwa kalamu nyekundu, "Muuaji ni daktari." Nataka hela yangu. – Mteja wa Soweto, Mbeya

Hela hairudi. Mwandiko ule naufahamu na mwenyewe nimeshamwambia alipe kwa kufagia fremu. Ila na wewe usikiache kitabu.

Vitabu hivi vimejengwa kwa sheria ambayo waandishi wa Uingereza waliijadili kwa bidii kati ya vita mbili kuu: kila anachokiona mpelelezi, msomaji naye akione. Si ruhusa kumtoa pacha asiyejulikana kwenye sura ya mwisho, au sumu ambayo duniani haipo. Kwa hiyo ishara zote ziko mbele yako, ila zimechanganywa na habari za maua, na mpwa aliyekuja likizo. Ukijua muuaji tangu mwanzo, unaanza kuona mkono wa mwandishi: hapa amemfanya daktari achelewe, hapa amemtia maneno ambayo ni kweli tupu lakini sote tuliyaelewa kinyume. Mimi nina wateja wazee ambao hurudia kitabu kilekile kila kipupwe, Juni na Julai baridi inapotubana, na hakuna hata mmoja aliyesahau muuaji ni nani. Wanakwenda kuwatembelea wale watu.

Halafu, mtu akiandika "muuaji ni daktari", wewe umejuaje kwamba anasema kweli?

Shikamoo Mwalimu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nianzie wapi? – Dada wa Makambako

Marahaba. Anzia hadithi fupi. Kuna kitabu kinaitwa The Thirteen Problems, cha 1932. Watu wachache wanakutana jioni, kila mmoja anasimulia kisa cha kweli ambacho mwisho wake anaujua yeye peke yake, wengine wabahatishe. Miss Marple yuko kwenye kona na sufu yake ya kufumia, na kila mara ndiye anayepata. Hadithi moja unaimaliza kati ya Makambako na Mafinga, foleni ya mizani ikiwepo hata mbili. Kiingereza chake ni cha mazungumzo, sentensi fupi. Maneno yatakayokusumbua ni ya vyombo vya chai na samani. Yaruke, hayamuui mtu.

Ukitaka hali ya hewa unayoifahamu, tafuta The No. 1 Ladies' Detective Agency ya Alexander McCall Smith, ya 1998. Mma Ramotswe wa Botswana si bibi bado, na kesi zake ni za waume wanaopotea na walaghai zaidi kuliko maiti. Lakini anamsalimia mtu vizuri kabla ya kumhoji, na hilo wapelelezi wengi wa vitabuni hawalijui.

Mwalimu, mimi ni mama mchungaji, niko Njombe. Je, ni vibaya kwangu kuvisoma? – Nisitajwe

Mama, mchungaji ndiye anayesimulia kile kitabu cha 1930, The Murder at the Vicarage. Soma.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma chuo hapa Uyole, kwetu ni Rungwe. Nataka kuandika riwaya ya bibi mpelelezi wa huku kwetu. Tatizo ni kwamba kijijini hakuna jumba la kifahari, hakuna wapishi na watumishi, na kila mtu ni ndugu. Bibi atapeleleza nini? – Mwandishi Mtarajiwa

Marahaba, mjukuu wangu. Kila mtu ni ndugu? Basi kazi nusu umeshaimaliza. Wenzako Uingereza wanahangaika kutafuta kisingizio cha kukusanya watuhumiwa sehemu moja, treni inaswe kwenye theluji au meli iwe katikati ya maji. Wewe una mvua ya Rungwe ya Machi na Aprili. Daraja la miti likienda na maji, nani atatoka kijijini?

Na usikimbilie maiti. Anza na sanduku la kikoba. Unalijua, lakini ngoja nikuonyeshe kwa jicho la mwandishi. Ni sanduku la chuma, lina kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila siku ya kikao, wanachama wote wakiwa wamekaa duara, hela zinahesabiwa juu ya kitambaa kila mtu anaona, na kabla ya kufunga jumla inatajwa kwa sauti ili kila mmoja aibebe kichwani. Sasa ni Desemba, siku ya kuvunja kikoba. Watu wameshapanga hela za Krismasi, ada, mbolea. Makufuli matatu mazima, hayana hata mkwaruzo. Linafunguliwa, hela haijatimia. Christie angekulipia chai kwa kisa hicho.

Watu watasema chuma ulete, mtu kazivuta hela kwa dawa. Waache waseme, tena kwa kurasa kadhaa, maana ndivyo watakavyosema kweli. Bibi yako anyamaze. Yeye anajua mambo madogo: mama gani aliacha ghafla kuja kuazima sukari, nani ameweka bati jipya upande wa nyuma ambao hauonekani barabarani, na kwamba kwenye kikao cha Oktoba mtunza ufunguo mmoja alikuwa na mgonjwa Mbeya, ufunguo ukaletwa na mtoto wake. Hilo la mwisho lipitishe haraka, katikati ya habari ya mtoto alivyoloa na mvua na kupewa uji. Msomaji atahurumia mtoto, atasahau ufunguo.

Ukishindwa kujizuia ukataka maiti, basi tumia msiba. Daftari la rambirambi lina majina na kiasi, na bibi atasoma zaidi ya kiasi: nani ameandikwa wa kwanza kabisa, kabla habari haijafika upande wake wa kijiji, nani ametoa kubwa isiyolingana na udugu, nani alibaki kuosha masufuria siku zote tatu na haikuwa zamu yake. Sumu haina shida kwenye mkoa unaolima. Mweke mtu dukani ananunua dawa ya kunyunyizia viazi, naye halimi viazi.

Jambo la umri. Christie alikiri katika kitabu cha maisha yake kwamba Miss Marple alizaliwa tayari ana miaka sitini na tano hadi sabini, na kwamba haikuwa vizuri, kwa sababu ilibidi adumu muda mrefu. Alidumu kweli: hadithi ya kwanza 1927, riwaya ya mwisho kutoka 1976. Wa kwako mpe sitini. Awe bado anapanda mlima kwenda shambani, magoti yakimuuma wakati wa kushuka. Awe na mjukuu mwenye simu ya kupiga picha na bodaboda ya kukopa mafuta. Na awe na adui mmoja, bibi mwenzake wa kanisa lilelile, ambaye naye anaona kila kitu ila huhitimisha vibaya. Huyo atakusaidia kumpoteza msomaji bila wewe kusema uongo.

Kabla hujaandika, Desemba hii nenda kwenu siku ya kuvunja kikoba. Kaa nyuma, upande wa wazee, simu uiache mfukoni.